Maswali Yenu: Jasho Linatoka, Kazi Haiendi

Wahariri, salaam. Nashona nguo za kike hapa Tandika, huu mwaka wa saba. Nafungua saa 1 asubuhi, nafunga saa 4 usiku, na Jumapili nipo. Hata hivyo haipiti Ijumaa bila mteja kunigombeza. Hela ya mteja wa leo inanunua zipu na bitana za mteja wa mwezi uliopita. Kila baada ya Idi naapa sitarudia, Idi nyingine ikija narudi pale pale. Nafikiria kuajiri fundi wa pili. Mnanishauri nini?
*Fundi, Dar es Salaam*

Fundi, usiajiri mtu bado. Kwanza toa kila mfuko uliomo dukani, hata ile iliyojificha chini ya meza ya kukatia, uhesabu nguo zote ambazo hazijaisha. Kisha hesabu zilizoisha wiki iliyopita. Usihesabu zilizoguswa, tunataka zilizoisha, vifungo vimewekwa na pasi imepita. Tuseme umekuta 42 na 14. Gawanya, unapata wiki 3. Maana yake nguo inayoingia leo, ikifuata foleni, itatoka baada ya wiki 3. Mmarekani John Little aliithibitisha hesabu hii mwaka 1961, na inatumika kwenye foleni ya benki sawasawa na kwenye kibanda cha fundi. Kwa hiyo ulipomwambia mteja "njoo Ijumaa", Ijumaa hiyo haikuwepo tangu mwanzo. Kukesha hakutaileta, maana saa 15 kwa siku tayari unazimaliza.

Sasa angalia mrundo umekaa wapi. Vitambaa vikijaa kabla ya kukatwa, na wewe peke yako ndiye unayekata, fundi wa pili atakaa anakungoja. Vipande vilivyokatwa vikijaa mbele ya cherehani, hapo fundi wa pili atasaidia. Zikijaa nguo zinazosubiri vifungo, upindo na pasi, unahitaji kijana wa kumalizia, tena kwa malipo madogo kuliko ya fundi. Mafundi wengi huajiri bila kutazama mrundo, mwisho wanakuwa na watu wawili wa kugombezwa.

Jambo la pili ni kuanza nguo nyingi kwa pamoja. Mteja akifoka unaacha gauni la bluu unashika la njano, akija mwingine unaacha la njano. Kila unaporuka unatafuta vipimo, unabadili uzi wa juu na wa chini, pengine na sindano, halafu unakumbuka ulifikia mshono gani. Tukiweka dakika 10 kwa kila mruko, miruko 6 kwa siku imekula saa nzima. Mpaka jioni umechoka kweli, na hakuna nguo iliyotoka. Jiwekee kikomo: nguo zilizokatwa zisizidi 5 kwa wakati mmoja. Haikatwi ya sita mpaka moja imepigwa pasi. Zenye uzi wa rangi moja zishone mfululizo.

Wiki ya kwanza anza na zile zilizobakiza kidogo, kifungo au upindo. Hizo ndizo zitakuletea salio la malipo haraka, na hela hiyo ndiyo itanunua zipu na bitana za wale ambao malipo yao ya awali yameshaliwa. Waandike kwenye karatasi moja, mmoja mmoja, na deni la kila mmoja. Baada ya hapo fuata tarehe za shughuli: harusi ya Jumamosi inatangulia gauni la kanisani.

Kwa mteja mpya, malipo ya awali yasipungue bei ya vifaa vya nguo yake. Vinunue siku hiyo hiyo, uvitie ndani ya mfuko wa kitambaa chake pamoja na kadi yenye vipimo, tarehe na salio. Hela ikishageuka zipu iliyomo mfukoni mwa nguo, haiwezi tena kulipa deni la mtu mwingine. Duara lako linaanzia hapo, wala si kwenye uvivu au bahati.

Tarehe nazo zina kanuni. Kama unamaliza nguo 14 kwa wiki, pokea 11. Nafasi 3 zilizobaki ni za umeme kukatika, mtoto kuugua na gauni linalorudi kwa sababu limebana. Mwambie mteja ukweli kwamba ni wiki 3. Wapo watakaoondoka, na tunajua inauma, lakini kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Foleni ikishuka hadi 22, utaahidi wiki 2 na utazitimiza.

Kuhusu Idi: foleni ikiwa ya wiki 3, kitabu cha oda kinafungwa Ramadhani ikifika siku ya 8. Bandika tarehe hiyo ukutani kabla mwezi haujaandama, maana ukingoja mteja aje ndipo uamue, utaamua vibaya. Adui mwingine ni jirani mwenye "kazi ya dakika tano tu". Marekebisho yatengee saa 2, kila Alhamisi mchana. Nje ya hapo, pokea nguo, iandike, na iwekwe.

Mimi ni mama lishe stendi, Mwanza. Nakopa 100,000 zile za kausha damu, nalipa 4,500 kila siku kwa siku 30. Siku ya mwisho mtaji umekwisha, kesho yake nakopa tena. Nimezunguka hivi mwaka wa pili. Nauza kutwa lakini hela siioni.

Dada, hela ipo, ila ina mwenyewe. Kila mzunguko unarudisha 135,000. Riba ni 35,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka inafika 420,000, yaani mtaji wako mara nne na zaidi. Tena kwa vile unalipa kila siku, katikati ya mwezi nusu ya deni umesharudisha, ilhali riba ilipigwa kwenye laki nzima.

Wengi hujaribu kuacha kwa mkupuo. Mtaji unapungua, sufuria inakuwa ndogo, wateja wanakosa chakula saa 8 mchana, na ndani ya wiki mbili mama anarudi na mikopo miwili badala ya mmoja. Njia inayofanya kazi ni kupunguza mkopo kidogo kidogo huku ukiendelea kutoa 4,500 ile ile kila siku.

Mwezi huu tafuta 850 kwa siku juu ya rejesho, uitie kwenye kibubu kilichopigiliwa misumari. Mahali rahisi pa kuipata ni wali unaobaki: andika kwa siku 6 sahani ngapi zinarudi nyumbani, kisha ukipika punguza kiasi hicho. Siku ya 30 kibubu kina kama 25,000. Vunja, kopa 75,000 tu. Rejesho lake kwa riba ile ile ni 3,375 kwa siku. 1,125 iliyobaki katika ile 4,500 iende kwenye kibubu kipya. Mwezi unaofuata una 33,750, unakopa 66,000, rejesho ni 2,970 na kibubu kinapata 1,530. Kisha kopa 55,000, kisha 40,000, kisha 20,000. Mwezi wa saba kibubu kina zaidi ya laki moja na hukopi kitu. Ile asilimia 35 iliyokuwa ikikukausha ndiyo inayokikuza kibubu.

Panapoharibika ni siku ya 30. Mkopeshaji atakusifu, "wewe mteja mzuri, chukua 200,000." Nenda ukiwa umeandika kiasi kwenye karatasi, na usiende mwezi wa Januari ukiwa na ada ya mtoto kichwani bila kuitengea kibubu chake. Tena usikope kwingine ili ulipe huku. Na wanaokula kwa daftari waishie kikomo cha sahani 3 kila mtu; ya nne ni baada ya kulipa.

Wakati huo huo muulize huyo anayekukopesha leseni yake ya Benki Kuu, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji wa namna hiyo wanatakiwa kuwa nayo. Pia mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba, ila hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo anza kutafuta wenzako mapema. Usikisajili kikundi na mtu ambaye humjui anavyolipa madeni.

Naandika tasnifu ya uzamili. Kila usiku nipo mezani: nasoma makala, napanga mafaili, narekebisha jedwali la yaliyomo. Msimamizi amepata kurasa 4 tangu Januari.
*Mwanafunzi, Eldoret*

Kusoma kunakupa jina la kazi bila hatari ya kukosolewa, ndiyo maana mkono unakimbilia huko. Geuza mpangilio: andika kwanza dakika 25, saa ya jikoni ikihesabu kama alivyofanya Mwitaliano Francesco Cirillo alipokuwa mwanafunzi, na simu ikae chumba kingine. Hakuna makala kufunguliwa kabla saa haijalia. Ukikosa rejeo, andika TAFUTA kwa herufi kubwa uendelee. Baada ya hapo soma kwa ajili ya hizo TAFUTA tu.

Usijiahidi "usiku nitaandika". Ifunge kazi kwenye kitu unachokifanya kila siku: nikishaosha vyombo, nakaa, nafungua sura ya 2. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer wa Ujerumani amefanya utafiti mwingi kuhusu mipango ya namna hii, na wanaopanga hivyo huwashinda wale wanaotegemea nia peke yake. Acha kuandika katikati ya sentensi, ili kesho uwe na pa kushikia. Kila Jumatatu mpelekee msimamizi kurasa 3, hata zikiwa mbovu. Na jedwali la yaliyomo, programu unayoandikia hulitengeneza yenyewe kwa kubofya mara moja, mradi kila kichwa umekiwekea mtindo wa vichwa uliomo kwenye programu hiyo.