Soma jina kabla ya kusema "mfumo umekataa"

Jumanne wiki hii mzee mmoja wa Matondoni, hapa Lamu, alisimama mbele ya dawati letu la bima hospitalini, fimbo mkono mmoja, kitambulisho mkono wa pili. Kijana wangu wa atachimenti, aliye kwenye mafunzo ya kazi, akamwekea kidole gumba kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akamwambia, "Mzee, mfumo umekataa." Mzee akashukuru! Akageuka kwenda zake.

Nilimuwahi mlangoni. Nikamrudisha, nikampeleka kwenye bomba akaosha mikono kwa sabuni, nikampangusa kwa kitambaa, tukaanza kujaribu kidole kimoja kimoja. Mzee huyu amechonga mbao za majahazi tangu utotoni. Gumba zake zimelika zikawa laini kama ngazi za gatini. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikasomeka, na mzee akapata kitanda.

Basi nimeona niyaandike, maana nimechoka kuyasema kwenye korido. Nina miaka kumi na sita katika rekodi na bima. Nimefanya kazi wakati wa NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya zamani, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko SHA, mamlaka ya afya ya jamii iliyochukua nafasi yake. Skrini zimebadilika na majina ya vifurushi yamebadilika, lakini makosa mnayofanya ninyi makarani vijana ndiyo niliyofanya mimi. Nawapenda, wanangu, ila mengine hayana haki ya kurudiwa.

1. Jina kwanza, hali ya kadi baadaye.

Mkishaingiza nambari ya kitambulisho, macho yenu yanaruka moja kwa moja kutafuta kama mtu yuko hai kwenye bima au hayuko. Nawaona. Jina hamlisomi. Acheni niwaeleze kwa nini jambo hili linanipandisha sauti.

Mwaka 2017 nilikuwa zamu ya usiku, hospitali ambayo si hii. Kama saa sita akaingia mvuvi kutoka upande wa Kizingitini amembeba mwanawe wa miaka tisa, tumbo limekaza. Walikuja kwa boti, bahari ilikuwa mbaya, wote wawili wamelowa. Daktari wa zamu alimpapasa mtoto akasema ni kidole tumbo, apasuliwe haraka. Baba akaja kwangu. Akasema ana NHIF, analipa mia tano kila mwezi kwa simu. Kitambulisho chenyewe kilibaki nyumbani. Alichokuwa nacho ni kopi aliyoikunja mara nne mfukoni, nayo imelowa maji ya chumvi. Niliifungua mezani kwa uangalifu isichanike. Wino ulikuwa umetawanyika. Nikasoma tarakimu nane, nikaziandika, nikabonyeza.

Kadi ikatokea kuwa haijalipiwa zaidi ya mwaka mmoja.

Nikamwambia, "Baba, hujalipa." Akasema amelipa. Nikarudia kwa sauti ya mtu anayejua, "Mfumo unaonyesha hujalipa." Hakubishana tena. Watu wetu hawabishani na kompyuta, na ninyi mnalijua hilo na mnalitumia. Hospitali ile ilitaka amana kabla ya thieta. Yule baba akatoka nje akaanza kupiga simu usiku ule ule. Alfajiri akarudi na pesa taslimu. Alikuwa ameuza mashine ya boti yake, ile ya farasi kumi na tano, kwa mtu aliyejua kuwa muuzaji hana nafasi ya kuvutana bei.

Mtoto aliingia thieta saa moja na nusu asubuhi. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alilala siku kumi na moja na mirija ya kutoa usaha. Alipona, namshukuru Mungu. Kila asubuhi nilipita pale wodini nikimsalimu, nami sijui kuwa zile saa saba zilitoka mkononi mwangu.

Wiki tatu baadaye walikuja kusafisha kidonda. Baba akaja dirishani, akanipa simu yake akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizi mia tano nilizokuwa nikituma zilikuwa zikienda wapi?" Nikafungua ujumbe wa M-Pesa. Mnajua ujumbe wa malipo unavyokaa: kiasi, NHIF, kisha nambari ya akaunti, ambayo ndiyo nambari ya kitambulisho. Miezi kumi na tisa, hajakosa hata mmoja. Nikaiweka nambari ile karibu na faili. Mimi niliandika 8, yake ilikuwa 3. Lile doa la wino na chumvi lilikuwa 3.

Kadi niliyoifungua usiku ule ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Jina lake lilikuwepo juu ya skrini, refu, la mtu wa bara, na mbele yangu amesimama mvuvi wa Kibajuni. Lilikuwepo dakika zote zile. Sikulisoma.

Nilikwenda kwa mhasibu siku ile ile. Nikaambiwa mgonjwa ameshatoka kama wa fedha taslimu, risiti imekatwa, na hakuna madai yatakayopelekwa NHIF kwa niaba yake. Nilikwenda kwa mkubwa wake, nikarudi na jibu lile lile. Nikaanza kumlipa yule baba kidogo kidogo kutoka mshahara wangu, hadi mwenyewe akakataa kupokea. Misimu miwili alikwenda baharini kama baharia kwenye boti za wengine. Mpaka leo tukikutana gatini yeye ndiye anayetangulia salamu.

Kwa hiyo: soma jina kwa sauti, mwulize mgonjwa kama ndilo lake. Nambari ikigoma, omba simu utazame ujumbe wa malipo. Hapo ndipo uanze kuzungumza habari ya pesa.

2. Jueni ni mfuko gani unaolipa.

Ipo mitatu, na wengi wenu mnaichanganya. Hazina ya afya ya msingi hulipia zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3. Hapo mgonjwa anahitaji kusajiliwa tu, hata kama hajachanga shilingi. Hazina ya bima ya afya ya jamii ndiyo ya kulazwa na kupasuliwa kuanzia ngazi ya 4, yaani hospitali, na hii ndiyo inayotaka mchango: asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwajiriwa, na asiyeajiriwa hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Ya tatu ni ya dharura, na pia ya magonjwa sugu na mahututi kifurushi cha kawaida kinapokwisha.

Ukimwambia mama aliyekuja na mtoto anayekohoa "nenda ukalipe kwanza", naye yuko kituo cha afya, umemfukuza bila sababu. Na atawaambia majirani.

Kuna jambo la hapa kwetu pia. Asiyeajiriwa hutakiwa kutoa mchango wa mwaka kwa pamoja. Mvuvi ukimwambia hayo wakati wa kusi, boti ziko juu mchangani, unapoteza maneno. Mwambie wakati wa kaskazi, akiwa ametoka kuuza kamba. Na asiyesajiliwa msajili hapo hapo kwa *147#, usimpe karatasi ya maelekezo.

3. Wategemezi.

Mke na watoto waandikwe kabla ya ugonjwa. Tazameni tahajia: Fatma na Fatuma kwa mfumo ni watu wawili, na ukoo mmoja unaweza kuandikwa namna tatu katika nyumba moja. Mtoto mchanga msimsahau.

4. Andikeni kilichofanyika.

Mwezi uliopita mmoja wenu aliandika uzazi wa kawaida kwa mama aliyetoka thieta. Kiwango ambacho SHA hulipa kwa uzazi wa kawaida ni shilingi 10,000, cha upasuaji ni 30,000. Shilingi 20,000 zilipotea kwa sababu hakufungua ukurasa wa pili wa faili, na shilingi hizo ndizo glavu na uzi wa mama anayefuata. Saini ya daktari, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, idhini ya upasuaji iombwe kabla. Kagueni kabla hamjatuma, si baada ya kurudishiwa.

5. Rufaa: fungeni faili kabla chombo hakijaondoka.

Mgonjwa akipewa rufaa, sote tunashughulikia boti. Nani ana mafuta, ambulensi iko Mokowe, ng'ambo ya maji, au haiko, nani anamsindikiza. Ni haki, maisha ndiyo ya kwanza. Lakini mmoja wenu abaki dawatini afunge kulazwa kwake kwenye mfumo.

Mwaka jana tulimpeleka mama mmoja mwenye figo zilizozidiwa. Alivuka hadi Mokowe, akapita barabara yote ya Witu na Garsen hadi Malindi. Saa nane usiku simu yangu ikalia. Sista wa kule akaniambia, "Dada, mgonjwa wenu amefika. Lakini kwenye mfumo bado amelala kwenu, siwezi kumfungulia." Nikavaa buibui, nikamwamsha kaka yangu anishikie tochi, tukapita vichochoroni hadi hospitali, punda wamelala njiani tunawaruka. Mlinzi alitufungulia bila kuuliza. Nikawasha kompyuta, nikasubiri intaneti ipande. Nikaingiza nambari. Nikasoma jina lake, lote, pamoja na la babu. Nikafunga.

Nikampigia sista. Akanyamaza kidogo, nikasikia anabonyeza, kisha akasema, "Naam, amefunguka. Tunampandisha wodini."