Kabla hujalipa ada ya urubani, pima afya

Nilikulia Kiwalani, ndege zikipita juu ya mabati yetu kwenda kutua. Kila kijana anayenifuata kuuliza habari za urubani huanza na swali lile lile: "Kaka, nisome chuo gani?" Mdogo wangu, hilo ni swali la pili. La kwanza analo daktari.

Ili ulipwe kwa kurusha ndege lazima uwe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na hakitolewi na daktari yeyote tu, bali yule aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuanza na daraja la pili, ambalo ni jepesi zaidi. Mtu anauza kiwanja cha Chanika, anamaliza saa zake za mwanzo za kuruka, halafu daraja la kwanza linamkwamisha kwa sababu macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Nimemwona kijana akitoka kwenye kipimo hicho, akakaa kwenye benchi nusu saa bila kusema neno. Anza na daraja la kwanza, hata kabla ya fomu ya chuo.

Miwani isikutishe. Kinachotakiwa ni kila jicho lifikie 6/9, yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9, hata kwa msaada wa miwani, na uwe na ya akiba karibu nawe unaporuka. Mimi nilipoteza miaka miwili kwa kuamini maneno ya mtaani kwamba rubani havai miwani. Inaniuma hadi leo.

Leseni zinafuatana. PPL, leseni ya rubani binafsi, ni ya kuruka kwa shughuli zako, bila malipo: umri miaka 17, saa 40 za kuruka. CPL, leseni ya rubani wa biashara, ndiyo ya kazi: miaka 18, saa 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa. ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani wa mashirika, inataka miaka 21 na saa 1,500. Watu wengi hudhani bila ATPL huwezi kuajiriwa na shirika la ndege. Si kweli. Rubani msaidizi anaweza kukaa kiti cha kulia akiwa na CPL, kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pale nje hakuonekani, kibali cha injini mbili, na kibali cha aina ya ndege husika. ATPL ni ya anayetaka kuwa kapteni wa ndege kubwa. Hicho kibali cha aina ya ndege usikisahau kwenye bajeti, kwa maana CPL peke yake haikufungulii mlango wa ndege za abiria kama Dash 8 wala Airbus. Kila aina ina masomo yake na saa zake ndani ya simuleta, mashine ya kuigiza urushaji.

Penye kazi ngumu ni kati ya saa 200 na 1,500. Mashirika makubwa yanataka mwenye uzoefu, na uzoefu huupati nyumbani. Hapa kwetu wengi wameupata kwenye Caravan, ndege ya injini moja inayopeleka abiria Zanzibar, Mafia na mbugani. Usiidharau. Dar hadi Zanzibar ni kama dakika 20, kwa hiyo siku moja inakupa kupaa na kutua mara nyingi, na humo ndimo mkono unamokomaa. Utajifunza pia hali ya hewa ya kwetu. Njia kuu ya kurukia ya pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, iitwayo 05/23, imelala kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi: kaskazi ikivuma unaipokea usoni, kusi ikiingia inakupiga ubavuni. Kisha upelekwe Dodoma mchana wa jua kali, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, bawa na injini vyote vinapungukiwa nguvu, na ndege ile ile iliyopaa Dar upesi inakula njia ndefu kabla haijanyanyuka.

Sasa chuo. NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, wameingia kwenye mafunzo haya; wengine huenda Nairobi au Afrika Kusini. Popote uendako, uliza kama kozi inafika CPL kwa ndege zao wenyewe, na zipo ngapi zinazoruka wiki hii. Leseni ya nje itabidi uipeleke TCAA ibadilishwe kabla hujagusa ndege yenye usajili wa 5H, alama ya ndege za Tanzania, na hapo kuna mitihani. Usianze ukiwa na ada ya nusu kozi. Ukikaa chini miezi sita kutafuta pesa, mkono unasahau, na saa za kuurudisha unazilipia upya.

Kiingereza cha redio nacho kina mtihani wake. Kiwango cha chini kinachokubalika ni cha nne kati ya sita, na kinarudiwa kila baada ya miaka mitatu.

La mwisho ni logibuku, daftari unaloandikia saa zako za kuruka. Nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza, saa 11 zilikutwa hazina saini ya mwalimu, na chuo nilichosomea kilikuwa kimeshafungwa. Hazikuhesabiwa. Nilizirusha tena kwa pesa za kukopa. Jaza siku hiyo hiyo, kwa kalamu ya wino, na saini uiombe mkiwa bado mmesimama kando ya ndege.