Mchele wa Dawa na Majani ya Porini: Kipi Halali Katika Matibabu ya Mganga?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mama yangu mzazi anasumbuliwa na baridi yabisi magotini, na pia ana kisukari, anatumia vidonge vya hospitali. Ndugu walitupeleka kwa mganga ambaye si Mwislamu. Anatumia mchele wa aina yake, si huu tunaokula kila siku, anaupika na mizizi na majani aliyochuma porini. Sehemu anaifunga kwenye kitambaa na kumkanda mama magotini ikiwa ya moto, sehemu mama anaikoroga uji na kunywa asubuhi kabla hajala kitu. Mama anasema anapata nafuu. Lakini mara ya mwisho mganga alimuuliza jina la mama yake, akamwaga punje za mchele kwenye ungo, akazitazama, akasema kuna jirani anayemroga. Akatupa punje nyingine tukazitupe njia panda usiku, na akasema mama aache vidonge kwa kuwa vinapigana na dawa yake. Je, tuendelee? Ni kweli Mtume (s.a.w.) alisema mchele una ponya tupu wala hauna ugonjwa? Na hukumu ya pesa tulizolipa na ya swala za mama ni ipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Tunamwomba Allah, Mola wa watu, amwondolee mama yetu maradhi na ampe shifaa isiyobakisha ugonjwa.

Ndugu yangu, mganga huyo amekupeni matibabu na uaguzi kwa mkono mmoja, na vyote viwili amevifanya kwa mchele. Kwa hiyo hukumu haiwezi kuwa moja. Wapo watakaokwambia kila mganga ni mchawi, mwage kila kitu. Wapo watakaokwambia maadamu mama anapata nafuu, funga macho. Wote wawili wanakudhulumu.

Tuanze na kilichomo chunguni. Asili ya nafaka, mizizi, magome na majani ni uhalali, kwa kuwa Allah ametuumbia vyote vilivyomo ardhini. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akasema ni uzee tu usio na dawa. Na hakuishia kwenye maneno. Ummul Mundhir (r.a.) anasimulia kwamba Mtume aliingia kwake akiwa na Ali (r.a.), ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameinuka kutoka ugonjwani. Palikuwa na mikungu ya tende imetundikwa. Mtume akala, na Ali akanyoosha mkono naye ale, Mtume akamzuia: wewe bado una unyonge wa maradhi. Ummul Mundhir akapika shayiri pamoja na silki, mboga ya majani inayofanana na spinachi, na Mtume akamwambia Ali ale hicho, ndicho kitakachomfaa zaidi. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Tazama basi: nafaka na majani katika chungu kimoja, mgonjwa anachaguliwa chakula kulingana na hali yake, na anayemchagulia ni Mtume wa Allah. Aisha (r.a.) naye alikuwa akiamrisha apikiwe mgonjwa na mfiwa talbina, uji mwepesi wa shayiri, akisema amemsikia Mtume akieleza kwamba unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni.

Mchele kutumika kama dawa nao si jambo la ajabu wala la kichawi. Kule Kerala, India, upo mchele uitwao navara, unaokomaa kwa siku 60 hivi. Matabibu wao huupika kwa maziwa na maji ya mizizi, wakaufunga vifurushi vya kitambaa na kumkanda nao mgonjwa wa viungo, karibu sawa na alivyofanyiwa mama. Chhattisgarh, pia India, wakulima wana mchele uitwao gathuwan ambao waganga wao huwapa wenye maumivu ya maungio. Na mahospitalini, maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa unga wa mchele badala ya sukari yamejaribiwa kwa wagonjwa wa kipindupindu, yakapunguza kuharisha. Kwa hiyo kifurushi cha moto gotini kuleta nafuu hakuhitaji jini wala siri. Joto peke yake hulegeza kiungo kilichokakamaa.

Kuwa mganga si Mwislamu nako hakuharamishi dawa yake. Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) katika Hijra walimkodi mtu wa Bani Dil awaongoze njia, naye alikuwa bado katika dini ya makafiri wa Kikureshi, lakini walimwamini, wakamkabidhi vipando vyao. Wanazuoni wamechukua hapo dalili kwamba asiye Mwislamu akiwa mjuzi na mwaminifu huaminiwa katika ufundi wake, ukiwemo utabibu. Masharti ni mawili, ujuzi na uaminifu. Na mwanamume wa kando kumkanda mama magotini hakuna haja nako: dada zako wajifunze, wamkande wenyewe.

Sasa muulizeni ni mizizi gani na majani gani, na kama mchele umelowekwa katika kitu kinacholewesha. Akisema umelowekwa katika pombe, acheni, maana Tariq bin Suwaid (r.a.) alipomwambia Mtume kwamba anaitengeneza kwa ajili ya dawa, alijibiwa kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa. Akikataa kabisa kusema kilichomo, basi uji wake usinywewe. Sisemi hivi kwa kuwadharau waganga wa mitishamba, wengi wao wana elimu waliyorithi ambayo madaktari wenyewe wanaiheshimu. Nasema kwa sababu kitu cha porini kinaweza kuua kimyakimya. Ipo mimea ya jamii ya Aristolochia, imetumiwa na waganga wa nchi nyingi kwa karne nyingi, na leo inajulikana kuwa inaharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea huo waliharibikiwa figo. Hata mchele wenyewe una habari yake: mchele mwekundu wa Wachina, unaochachushwa kwa kuvu, umekutwa na kemikali ile ile iliyomo katika vidonge vya kupunguza lehemu mwilini, na anayevichanganya viwili hivyo anaweza kuumia misuli na ini.

Mtume (s.a.w.) amesema: mwenye kumtibu mtu naye hajulikani kuwa na utabibu, basi ni dhamini. Maana yake madhara yatakayotokea ni juu yake. Ikiwa sheria inamshika hivyo anayetoa dawa bila elimu, na anayempelekea mzazi wake dawa asiyoijua na amuogope Allah.

Kuhusu vidonge vya kisukari, ndugu yangu, jibu ni moja: asiviache. Kumwacha mgonjwa wa kisukari bila dawa yake kwa neno la mtu asiyempima damu ni kumtia katika maangamizo ambayo Allah ametukataza. Hata hivyo lile neno la mganga kwamba dawa zinapigana lichukulieni kwa uzito wake, kwa sababu baadhi ya majani na mizizi hushusha sukari, na yakikutana na vidonge sukari hushuka kupita kiasi, mtu akatetemeka, akatoka jasho, akapoteza fahamu. Upande wa pili, uji laini wa mchele tumboni patupu hupandisha sukari haraka. Basi kinachosimamishwa mpaka daktari wa mama aambiwe waziwazi ni uji, si vidonge. Na kile kifurushi cha moto, asikipime mama mwenyewe. Wenye kisukari cha muda mrefu wengi hupungukiwa na hisia miguuni, wanaungua bila kujua, na kidonda cha mguu kwao ni balaa. Akipime mwingine kwa mkono wake kwanza, kisha amwekee.

Nije kwenye ungo, na hapa ndipo moyo wangu umeniuma niliposoma swali lako. Kuuliza jina la mama wa mgonjwa, kumwaga punje, kuzitazama na kutaja yaliyofichikana ni kupiga ramli, iwe kwa mchanga, kwa kitabu au kwa mchele. Baridi yabisi haina uhusiano na jina la bibi yako. Tabibu huuliza maumivu yalianza lini na yanazidi wakati gani. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, haikubaliwi swala yake siku 40. Na katika hadithi nyingine, mwenye kumsadiki kwa anayoyasema amekufuru yale aliyoteremshiwa Muhammad (s.a.w.). Nyinyi hamkwenda kwa ajili hiyo, ametanguliza yeye, na anayeshtukizwa si sawa na anayekusudia. Lakini tangu sasa mnajua. Kurudi kwake kwa ungo ni kukusudia.

Punje za njia panda ni mlango ule ule. Anatupiwa nani pale? Kama ni kwa ajili ya kuliridhisha jini au kulihamisha balaa limpate mpita njia, basi ni shirki pamoja na dhulma. Allah ametueleza katika Suratul Jinn kwamba walikuwepo watu wakijikinga kwa majini, wakazidishiwa madhila. Kama bado mnazo, zisitupwe huko. Ni mchele tu, wapeni kuku.

Na jirani? Huyu mmesahau kumuulizia, nami siwezi kumpita. Mtu ametajwa kuwa mchawi kwa ushahidi wa punje ndani ya ungo, na pengine hivi sasa hamumtazami kwa jicho la jana. Allah amekataza dhana, na Jibril aliendelea kumuusia Mtume juu ya jirani hata akadhani atamrithisha. Msimwambie mtu neno hilo. Aliyekwishaambiwa aambiwe kwamba halina msingi. Wangapi wameteswa na hata kuuawa kwa tuhuma kama hizi, wengi wao wazee wasio na wa kuwatetea. Mpelekeeni jirani chakula, mmjulie hali.

Anayehofia uchawi ana kinga yake iliyo wazi: Ayatul Kursiy, Suratul Ikhlas, Falaq na Nas asubuhi, jioni na wakati wa kulala, na mama ajisomee mwenyewe au asomewe na wanawe. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya visomo vya wakati wa Jahiliya, yaani kabla ya Uislamu, alisema aonyeshwe, havina ubaya maadamu hamna shirki ndani yake. Kwa hiyo mganga anayenong'ona maneno yasiyoeleweka juu ya chungu aambiwe anyamaze, dawa ichemke. Akisema bila maneno yale haifanyi kazi, mmeshapata jibu lenu.

Ile hadithi ya mchele si ya Mtume (s.a.w.). Imamu Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameitaja katika kitabu chake Zadul Ma'ad kwa maneno karibu hayo hayo, kwamba kila kilichotolewa na ardhi kina ugonjwa na ponya isipokuwa mchele, una ponya bila ugonjwa. Akaitaja na ya pili, kwamba lau mchele ungekuwa mtu ungekuwa mtu mpole. Akasema zote mbili ni batili, zimezuliwa, na kwamba amezitaja ili watu watahadhari wasimnasibishie Mtume. Kisha, na hili linapendeza, hakuacha kuusifu mchele kwa ukweli wake: ameeleza kwamba baada ya ngano ndiyo nafaka inayolisha zaidi, kwamba hufunga tumbo kidogo na kulitia nguvu. Mchele haukuhitaji kuzuliwa hadithi. Anayetangaza dawa yake kwa jina la Mtume bila uthibitisho, hata kama dawa ni nzuri, ameingia katika onyo zito la mwenye kumzulia uongo ajiandalie makazi yake Motoni. Habbat sauda na asali zimethibiti, na hizo zinatosha kwa anayetaka kutaja.

Pesa mlizolipa kwa mchele, majani na kazi ya kukanda ni halali, ni bei ya dawa na ujira wa kazi. Malipo ya ramli ndiyo Mtume (s.a.w.) aliyoyakataza, katika hadithi ya Abu Mas'ud (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim. Kama alitoza vyote kwa pamoja nanyi hamkujua, hamna lawama kwa yaliyopita, ila msimlipe tena kwa ajili ya ungo.

Mama asiache swala hata moja kwa kuogopa zile siku 40. Imamu Nawawi ameeleza kwamba maana yake ni kukosa thawabu, lakini faradhi humwondokea aliyeswali, na wala hatakiwi kuzirudia. Kwa hali uliyoieleza, ya mtu aliyeulizwa na kuaguliwa bila kutaka, nataraji onyo hilo halimgusi maadamu hakusadiki. Kama moyo wake ulisadiki kidogo, atubie kwa Mola wake, na mlango uko wazi. Akishindwa kusujudu kwa sababu ya magoti, aswali ameketi kwenye kiti na ainame kwa ishara, sijda iwe chini kuliko rukuu, na ujira wake ni kamili.

Wallahu a'lam.