Kwako Uliyepewa Safu Wiki Iliyopita

Mhariri akikupa safu hukueleza mambo mawili tu: idadi ya maneno na siku ya kuleta. Mimi niliambiwa maneno 700, Alhamisi saa nane mchana, basi. Hakuna aliyenidokezea kwamba wiki ya kwanza huwa tamu, ya pili tamu zaidi, halafu ya tano unajikuta umeikodolea karatasi macho huna maoni hata kuhusu mvua. Maoni huisha upesi kuliko unavyodhani. Mtu wa kawaida ana maoni kumi na mawili hivi yanayostahili kuchapishwa, na mengine yote ni hayo hayo yaliyobadilishwa shati.

Nimeandika safu kwa zaidi ya miaka ishirini katika gazeti linalosomwa zaidi vibandani na kwenye matatu kuliko maofisini. Kilichoniokoa wiki ile ya tano ni kuyarudia maandishi ya Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya vichekesho wa Kenya.

Kama ulizaliwa baada yake, jua kwamba kwetu gazeti la Sunday Nation lilifunguliwa kwanza kwenye safu yake ya Whispers, habari za ukurasa wa mbele zikangoja. Mimi nilikuwa nikimsoma kwa kucheka. Wiki ile nilimsoma kwa kalamu mkononi, nikapiga mstari kila mahali nilipocheka, kisha nikajiuliza: hapa nimemcheka nani? Karibu kila mara nilikuwa nimemcheka Whispers mwenyewe, yaani mwandishi alivyojichora ndani ya safu yake.

Mzee huyu hakuwa akija na hoja kila Jumapili. Alikuja na nyumba yake. Ndani mna baba anayejiita Son of the Soil, mpenda pombe, mwenye madeni, anayetamba baani na kufyata mkia mlangoni kwake. Mna mkewe, Thatcher, aliyepewa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa siku zile, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Mna binti, Pajero, ambaye baba anamtazama kama kitega uchumi kwa ajili ya mahari. Mna mvulana asiyeambilika, na huko Nyeri mna mama mzazi, Appepklonia, aliyeshikilia dini na rozari yake. Ukishaijua nyumba hiyo, hata bei ya sukari inakuwa hadithi, kwa sababu unajua nani atalaumiwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo nililotaka kukuambia. Aliye chini kabisa katika nyumba ile ni mwandishi. Anachekwa na mke, na watoto, na mama yake. Msomaji akishamcheka mwandishi kwa aya tatu, hana tena hofu kwamba anahubiriwa. Hapo ndipo Mutahi alipokuwa akiupitisha ukabila, ufisadi, ulafi wa wakubwa na unafiki wetu sisi wadogo. Wanaoandika safu kama majaji huanza na watu wengi na kubaki na wale wanaokubaliana nao. Nimewaona wengi, na mimi mwenyewe nilikuwa naelekea huko.

Lakini usije ukadhani kicheko ni ngao. Mwaka 1986, enzi ya chama kimoja na msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, Mutahi alikamatwa pamoja na ndugu yake, akazuiliwa Nyayo House, kisha akafungwa zaidi ya mwaka mmoja. Leo watu hupiga foleni ya pasipoti katika jengo hilohilo la Nairobi. Vyumba vya mateso vilikuwa chini yake. Alipotoka alirudi kwenye safu, mambo ya seli akayaandika kwa njia ya riwaya mwaka 1991. Baadaye alipeleka michezo ya kuigiza ya Kikuyu kwenye kumbi za baa na hoteli, akiwacheka wakubwa mbele ya watu wenye bilauri mkononi. Alifariki Julai 2003, baada ya kulala katika koma zaidi ya miezi minne kufuatia upasuaji mdogo. Alikuwa na miaka 48.

Somo hilo nililisoma, nikalisahau, nikafundishwa upya na mwuza nyama.

Jirani alinilalamikia kwamba bucha fulani ya mtaani kwetu inapima nyama pamoja na kidole. Nikaona hapo kuna safu. Sikutaja jina la bucha, nikajipongeza kwa busara hiyo, ila nilitaja mlango wa kijani na paka mwenye mguu mbovu anayelala juu ya gogo. Jumatatu nikaenda kununua nusu kilo. Mwenye bucha hakusema kitu. Aliweka nyama kwenye mizani, akaweka mikono yote miwili mgongoni, akasubiri mshale utulie kabisa. Kisha akachukua gazeti, siku hizo nyama ilifungwa kwa gazeti, akaifunga kwa ukurasa wangu, picha yangu ikiwa juu. Damu ikaanza kupenya kwenye paji la uso.

"Mwalimu," akaniambia, "hii haina kidole."

Foleni nzima ilicheka. Kilichonikera si kicheko, ni kwamba sikuwahi kuhakikisha. Nilikuwa na neno la jirani mmoja, ambaye baadaye niligundua alikuwa na deni pale pale buchani. Wiki iliyofuata niliomba radhi ndani ya safu, ukurasa ule ule, herufi ukubwa ule ule. Radhi iliyofichwa pembeni kwa herufi ndogo ni tusi la pili.

Tangu siku hiyo, mwizi, mlafi au mlevi wa safu yangu ni mimi mwenyewe, ama ni mjomba wangu. Mjomba amekopa, amelewa, amenunua shamba moja mara mbili, na kila uchaguzi anagombea udiwani na kushindwa. Barua nyingi zaidi nilizopata ziliniuliza habari zake, si maoni yangu kuhusu Katiba.

Upande wa sheria nitapita haraka. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, hivyo kukashifu mtu si jinai tena Kenya. Kesi ya madai bado ipo, na fidia yake inaweza kula mshahara wako na wa mhariri. Kutotaja jina hakukuokoi kama majirani wanamjua paka.

Mengine ni ya jikoni tu. Weka akibani safu mbili zisizochacha, za mambo yasiyo na tarehe: harusi, foleni, wageni wasioondoka. Mimi zilinifaa wiki niliyomzika baba. Soma makala kwa sauti kabla ya kuituma. Mahali ulimi unapojikwaa, na jicho la msomaji litajikwaa. Mhariri akikukata maneno mia, usigombane mpaka usome alichokikata. Mara nyingi ni ile aya uliyoipenda zaidi. Panda matatu hata kama umenunua gari. Na beba kijitabu, usiiamini simu, kwa sababu ukiitoa simu watu huacha kuzungumza.

Utasimamishwa njiani. Mtu atakuuliza, uso umekunjamana, "Ile ya Jumapili ilikuwa kunihusu mimi?" Ninachojibu mimi ni kwamba hapana, ilimhusu mjomba. Huridhika, hunipa pole, wengine hata humtumia salamu. Sijawahi kumweleza yeyote kwamba mama yangu alizaliwa peke yake.