Amekosa chanjo ya surua: mpeleke, hujachelewa

Mama, umeuliza kama mwanao wa miezi 14, aliyekosa chanjo ya surua kwa sababu ya mafua, itabidi aanze zote upya. Hapana. Alizokwisha kupata zinahesabika. Mhudumu ataangalia kadi na kuendelea pale mlipoishia. Mafua madogo hayazuii chanjo. Mtoto akiwa anaumwa sana, hapo mwachie daktari aamue.

Nakusihi usingoje. Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, kwa hiyo kumfungia mtoto ndani hakutoshi. Na dozi ni 2, usiishie ya kwanza.

Unasema ana afya, kliniki ya nini? Mwenzangu, uzito ukisimama miezi miwili mitatu, jicho la mzazi anayemwona kila siku halitambui upesi. Mchoro wa kwenye kadi huonyesha mapema. Usikivu wake na hatua za kutembea pia unaweza kuziulizia hapo hapo.

Kadi ikipotea, nenda hivyo hivyo, ueleze. Ukiogopa kugombezwa, nenda na baba yake au dada yako. Kesho asubuhi, tafadhali.