Wasomaji Wanauliza: Mapambo ya Harusi ya Septemba kwa Mikono Yetu Wenyewe

Barua za mwezi huu nyingi ni za harusi za Septemba na Oktoba, na karibu zote zinataka rangi zilezile: kutu, haradali, damu ya mzee, kahawia. Tumejibu sita.

*Nimezipenda picha za harusi za Marekani za majira ya majani kupukutika, meza zimetandazwa majani mekundu na ya rangi ya chungwa. Majani ya plastiki nimeyaona Kariakoo ila yanang'aa mno, na kwa meza 20 bei yake inanitisha. Naweza kutengeneza mwenyewe?*
Bibi harusi mtarajiwa, Kijitonyama

Unaweza, dada, na majani yapo mtaani kwako. Tafuta mkungu, ule mti wa matawi yaliyopangana ghorofa kwa ghorofa, ambao watoto hugonga kungu zake kwa jiwe wale kiini. Majani yake hubadilika rangi kabla ya kuanguka: njano, chungwa, kisha damu ya mzee, na mara nyingi jani moja hubeba rangi zote tatu. Kule Marekani na Ulaya majani hubadilika kwa sababu siku zinafupika na baridi inaingia, kwa hiyo miti mingi huenda pamoja. Mikungu ya Dar haina umoja huo. Miwili ya mtaa mmoja hupishana hata wiki kadhaa, hivyo anza mapema kuzungukia mitatu minne ujue upi umekaribia.

Okota asubuhi, jua halijapanda. Jani lililoanguka usiku huo ukilikunja halivunjiki. Likishatoa mlio wa karatasi, liache hapo hapo. Acha pia lenye madoa meusi au matundu ya wadudu, kwa sababu dawa haiyafichi.

Dawa yenyewe ni glisirini. Vichupa vya duka la dawa vitakuishia haraka. Nenda kwa wanaouza malighafi za sabuni na vipodozi ununue kwa lita. Changanya glisirini sehemu 1 na maji ya moto sehemu 2, koroga mpaka usione tena nyuzinyuzi zinazoelea, acha ipoe iwe vuguvugu. Nusu lita ya glisirini kwa lita moja ya maji inatosha treya pana ya majani 25 hadi 30, na unaweza kuirudia kwa awamu nyingine, ukiongeza kidogo inapopungua. Futa kila jani pande zote kwa kitambaa chenye maji, lilaze, kisha weka sahani juu ili lizame kabisa. Sehemu itakayobaki nje itakauka na kupasuka.

Wengine hukata tawi wakalisimamisha ndani ya ndoo ya glisirini. Kwa majani mabichi njia hiyo inafaa, lakini jani lililokwisha badilika rangi limeziba pale kikonyo kinaposhikana na tawi, halinyonyi tena. Lazima lizamishwe.

Siku ya tatu anza kukagua. Jani lililoiva linalegea kama ngozi laini na ukilipinda halionyeshi mstari mweupe. Mengi huwa tayari siku ya nne, mazito hufika ya sita. Lisuuze haraka kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, lifute, lilaze kati ya magazeti chini ya uzito siku mbili.

Makosa ni matatu. Jani likikaa mno, au glisirini ikizidi, linatoka jasho, kwa sababu glisirini huvuta unyevu wa hewa na hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Lifute, lipulizie feni, na usiliweke moja kwa moja juu ya kitambaa cheupe. La pili ni kuyahifadhi ndani ya mfuko wa plastiki: yataota ukungu. Tumia boksi la karatasi lililotobolewa, magazeti kati ya kila tabaka. La tatu ni kutarajia rangi ibaki ileile. Nyekundu inakolea, njano inaelekea kahawia. Jaribu majani kumi kwanza, uone kama rangi inayobaki inakaa vizuri na sare zako.

Jani la mkungu ni refu kuliko kiganja, hivyo meza ya watu 10 inatosha majani 12 hadi 15. Kwa meza 20 andaa 300, uokote kama 360, maana yapo yatakayoharibika.

*Hamjambo wanangu. Kamati imenipa kazi ya vitambaa vya katikati ya meza. Meza ni 20, za duara, futi 6. Ninunue mita ngapi? Na gunia la katani je, linafaa?*
Mama wa bwana harusi, Ukonga

Shikamoo mama. Futi 6 ni sentimita 183. Kitambaa kikining'inia sentimita 30 kila upande tunapata 243. Ongeza pindo, kata mita 2.5. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 ukikigawa mara nne kwa mapana, kila kipande kina sentimita 37, na baada ya pindo kinabaki kama 35, upana mzuri. Basi mita 2.5 zinavisha meza nne, na meza 20 zinataka mita 12.5. Nunua 13.

Ukipenda kitenge, kingi kina upana wa kama sentimita 115, kwa hiyo unapata vipande vitatu kwa mapana. Cha yadi 6, ambazo ni karibu mita 5.5, kinatoa vitambaa 6. Vitenge vinne vitamaliza kazi na kubakiza vinne vya meza ya keki na ya zawadi. Pima upana palepale dukani, maana havifanani. Kama ni pamba, kifue kabla ya kukata, kisije kikarudi baada ya kushonwa.

Kuhusu gunia la katani ulilouliza mwishoni: linapendeza, ila linafumuka. Chora mstari, upake gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji kiasi sawa, iache ikauke, ndipo ukate juu ya mstari huo. Likung'ute nje sana kabla ya kulitandika, vinginevyo nyuzi zitaingia kwenye sahani za wageni.

*Sherehe ni ufukweni Kigamboni, wazi. Nataka mishumaa kila meza lakini nasikia itazimika.*
Msomaji, Mbagala

Itazimika, kama imewekwa wazi. Septemba upepo wa kusi bado upo, na ufukweni haukatizwi na chochote. Mshumaa uingie ndani ya chupa ya mdomo mpana, kama za jemu, yenye kina cha sentimita 10 au zaidi, na mwali uwe chini ya nusu ya kina hicho. Mdomo mwembamba haufai: moto unakosa hewa, unatoa masizi, kioo kinakuwa cheusi kabla maharusi hawajaingia.

Chupa tupu juu ya meza hudondoka, kwa hiyo ipe kitako cha kifuu cha nazi. Kata kifuu katikati kwa msumeno wa chuma, kisugue nje kwa msasa namba 80 kuondoa nyuzi, kisha 150 mpaka kiwe laini. Kikalishe juu ya pete ya kamba ya katani iliyozungushwa mara mbili na kushikwa kwa gundi, ndipo umalizie kwa mafuta ya nazi kidogo kwenye kitambaa. Jaza mchanga mkavu, didimiza chupa. Ndani ya chupa weka pia mchanga sentimita 2 chini ya mshumaa. Unapokea nta na kuzuia joto lisipasue kioo.

Mishumaa midogo ya vikombe vya bati huwaka kwa muda wa kama masaa manne. Jua la Septemba linazama saa 12 na robo hivi jioni, na sherehe zetu hufika usiku wa manane, kwa hiyo usiwashe ila wageni wameshaketi, na weka akiba ya kubadilisha. Meza zenye majani makavu au masuke zipewe taa ndogo za betri. Hapo hatuna mjadala: upepo, moto na majani makavu haviwekwi meza moja. Uliza pia wenye eneo kama wanaruhusu moto.

*Maua freshi yananyauka mapema. Kuna nini cha asili kinachokaa, chenye rangi ya kutu?*
Msimamizi wa harusi, Sinza

Masuke ya mtama mwekundu. Rangi ni ileile ya kutu unayoitaka, kichwa kimejaa, na hayanyauki. Agiza kutoka kwa ndugu au wafanyabiashara wa mikoani wakati wa mavuno, yakatwe na bua la sentimita 50, yasipukuchuliwe. Yafunge kumi kumi, yaning'inize kichwa chini penye kivuli na upepo kwa wiki mbili. Yakilazwa yakiwa mabichi yanapinda na hayanyooki tena.

Adui ni fukusi. Wanakuja ndani ya punje, na harusi ikifika unakuta unga mezani. Yafunge kwenye mfuko uliobana, yagandishe kwenye friza kwa siku tatu nne, kisha yaache yarudi kwenye joto la kawaida kabla hujafungua, ili umande uishie nje ya mfuko. Changanya na ulezi, na masuke ya mpunga kwa rangi ya dhahabu. Ukiongeza matete, yapulizie spreyi ya nywele nje ya nyumba, mara mbili, yasimwage manyoya kwenye nguo za watu. Masuke saba ya mtama, matano ya mpunga na matete matatu yanajaza mtungi mmoja. Mtungi uwe mfupi na mabua uyapunguze: pambo zima likizidi sentimita 35 kwenda juu wageni hawaonani.

*Nyuma ya meza kuu tunataka pazia la mita 3.6. Kitambaa kiasi gani, na fremu ya nini?*
Kamati ya harusi, Tabata

Pazia lisilo na mikunjo linaonekana kama shuka lililoanikwa, hivyo kitambaa kiwe mara mbili ya upana: mita 7.2. Shifoni ya sentimita 150 inahitaji vipande 5. Kwa urefu wa mita 2.4, kata kila kimoja mita 2.7, jumla mita 13.5. Kabla ya kununua haradali au krimu, ichukue sampuli uitazame usiku chini ya taa za ukumbi wenyewe, maana taa za njano huimeza haradali.

Bomba la plastiki kwa mita 3.6 litapinda katikati. Mwambie fundi wa kuchomelea atumie bomba za chuma za mraba, nguzo tatu, na ya juu iwe vipande viwili vya mita 1.8 vinavyochomekana, ienee kwenye kirikuu. Kila nguzo isimame ndani ya ndoo ya lita 10 ya zege, yenye uzito wa kama kilo 24. Ya mchanga haifiki 17. Ning'iniza kitambaa siku moja kabla, mikunjo ya dukani inashuka yenyewe.

*Gundi ya moto niliyotumia inaachia. Kwa nini?*
Msomaji, Kimara

Gari lililofungwa juani hupata joto la kutosha kuilainisha. Safirisha mapambo asubuhi au jioni, na vilivyo vizito, kama vifuu na mitungi, vifungie kwa kamba au waya mwembamba. Gundi ibaki kwa majani na vitu vyepesi. Uso wenye vumbi au mafuta nao haushiki, kwa hiyo paka mafuta ya nazi kwenye kifuu baada ya kubandika pete ya kamba, si kabla.