Maswali na majibu: Kulikimbia joto kwa hema la mlimani

Habari za kazi. Tuko Temeke na watoto wawili, na tangu Krismasi hatulali kwa fukuto. Tukipakia hema kwenye gari, twende wapi kwa siku tatu?

Nendeni Lushoto. Kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Dar ikiwa na nyuzi 32 mchana, kule mtazikuta 24 au 25, na usiku mtatafuta masweta. Shikeni barabara ya Arusha hadi Mombo, mkunje kulia; kutoka hapo ni kilomita 33 za lami kupitia Soni, kona juu ya kona. Wakati wa kurudi shukeni kwa gia ileile ambayo mngepandia. Anayeshuka amekanyaga breki muda wote huzipasha moto hadi zinaacha kushika, na mteremko bado haujaisha.

Kwa watoto, kaeni karibu na Irente au Magamba, hapohapo jirani na Lushoto. Kijiji cha Mambo, kule mwisho wa milima ya Usambara, ni juu zaidi, karibu mita 1,900, lakini ukingoni kuna upepo mkali na hema jepesi halifai. Januari na Februari ndiyo miezi yenyewe, vuli imeisha na masika bado. Ikifika katikati ya Machi, barabara ya udongo ya kwenda Mambo huanza kuteleza.

Wengi hukimbilia Morogoro kwa sababu ni karibu. Mji wenyewe uko kwenye mita 500 tu, na joto lake mnalijua. Baridi iko juu Morningside, mita 1,300 hivi kwenye Uluguru, na hapo jiandaeni kubeba mizigo mgongoni.

Hamjambo. Niko Mombasa, nina wikendi moja tu. Kuna mlima wa karibu?

Taita. Panda hadi Voi, kunja kuelekea Mwatate, kisha Wundanyi. Usilale Voi, ni joto tupu. Wundanyi iko karibu mita 1,400, na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Misitu ya asili iliyobaki kule, kama Ngangao, ni vipande vidogo sana vyenye ndege na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Omba ruhusa ofisi ya misitu kabla ya kusimamisha hema, na usikate hata ufito. Kuni au mkaa nunua sokoni.

Tulipiga kambi Magamba, watu wawili na mablanketi manne, tukatetemeka mpaka asubuhi. Halafu hema likawa linavuja ingawa mvua haikunyesha. Tulikosea wapi?

Kuna mambo matatu hapo, na yote yanarekebishika.

La kwanza ni ardhi. Watu hujifunika juu na kusahau chini, kumbe udongo baridi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Tandikeni turubai, juu yake godoro la sponji la angalau sentimita 5. Kama hamna sponji, mablanketi mawili kati ya yale manne yalaliwe, mawili yafunikwe. Mtaona tofauti usiku huohuo.

La pili ni mahali. Usiku hewa baridi ni nzito, hutiririka kuelekea bondeni kama maji. Uwanda mzuri wa majani kando ya kijito ndio unaovutia macho saa kumi jioni, na ndio wenye baridi kuliko kote saa kumi usiku. Pandeni mteremkoni mita 20 au 30, mtafute pahali pa bapa penye vichaka vya kukinga upepo.

La tatu, hema halikuvuja. Ule ni mvuke wa pumzi zenu uliogusa kitambaa baridi ukageuka matone. Mkifunga kila tundu kwa kuogopa baridi, mtaamka na mablanketi mabichi, na blanketi bichi halipashi mtu joto. Acheni upenyo chini upande mmoja na juu upande wa pili. Nguo zilizolowa jasho zivueni kabla ya kulala.

Na tafadhali sana, msiingize jiko la mkaa hemani, hata likiwa na makaa machache yanayozimika. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Chemsheni maji, jazeni chupa imara isiyovuja, ivisheni soksi, iwekeni miguuni.

Kwa nini maharage hayaivi mlimani?

Kwa sababu maji huchemka kabla hayajawa moto wa kutosha. Kwenye mita 2,000 huchemka kwa nyuzi 93 hivi, na kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, mita 2,600, kwa 91. Kuongeza moto kunamaliza gesi bure. Chemsha maharage nyumbani ukayaunge tu kambini, au beba sufuria ya presha.

Assalaam alaykum. Niko Maskati, na Julai huku hakukaliki. Jebel Akhdar au Jebel Shams?

Waalaykum salaam. Kote ni kwenye mita 2,000 hivi, na kote utapumua. Kwa Jebel Akhdar, polisi wa kizuizi cha Birkat al Mouz hawaruhusu gari lisilo na uendeshaji wa magurudumu yote manne, basi usiende na gari dogo ukarudishwa. Jebel Shams ardhi ni mwamba mtupu, vigingi haviingii. Beba kamba za ziada ufunge hema kwenye mawe makubwa. Maji lita 5 kwa mtu kwa siku. Usilale ndani ya wadi, yaani mkondo wa mto wa msimu, hata kama ni kavu kabisa: mvua ikinyesha juu milimani alasiri, mafuriko hukufikia wewe ambaye hukuona hata wingu.

Siafu wakiingia hemani?

Tokeni, msiwakanyage, hamisheni hema mbali na njia yao. Mara nyingi wao hupita tu. Siku nyingine, kabla ya kufungua begi, zungukeni eneo lote mkitazama chini kutafuta msafara wao. Kisha tazameni juu: mikaratusi huangusha matawi makavu bila upepo, na hema halikai chini yake.